Mawe ya Kijani Ndani ya Beseni la Wifi

Tarehe kumi na saba ya mwezi wa pili mume wangu alikufa nyumbani kwetu Kabondo, mtaa wa Kisangani, na pamoja naye nikampoteza mtu pekee aliyedai kujua lipi kati ya mawe yetu lilikuwa la kweli.

Nasema mawe yetu kwa mazoea tu. Yalikuwa yake. Yalikaa ndani ya beseni kubwa jekundu la plastiki chini ya dirisha, yamefunikwa na maji, kwa sababu jiwe la kijani huonyesha rangi yake likiwa limelowa, na likikauka huwa kama kokoto yoyote ya barabarani. Beseni lenyewe lilikuwa la wifi yangu, dada yake mkubwa. Alituazima kwa ajili ya pilau ya Idi moja ya zamani na halikurudi tena. Kila alipopita kwetu aliuliza kabla hata ya kuketi, "Beseni yangu itarudi siku gani?"

Mume wangu, aliyemwita yaya kwa kuwa ni mkubwa wake, alimjibu bila kuinua kichwa, "Siku nitapata ile yenyewe, yaya."

"Ile yenyewe ni gani? Mimi ninaona mawe tu."

"Ndiyo maana haukupewa kazi ya kuchagua."

Wifi alicheka, akanigeukia mimi. "Ndugu yangu iko na bibi wawili. Mumoja anapika. Ingine inalala mu beseni yangu."

Ile yenyewe ilikuwa jade, kito cha kijani. Mume wangu hakuanza na jade. Ujana wake wote alikuwa mchaguzi katika duka la kununua almasi hapa Kisangani. Wachimbaji walileta mawe yao, naye akakaa dirishani kwenye mwanga na kuyatenga, haya na haya na haya, kwa macho tu. Duka lilipofungwa, macho yake yakabaki bila kazi. Alikuwa mtu wa kukaa mlangoni akitazama watu wakipita, na niliona kwamba macho yake hayawaoni. Mwaka huo tuliishi kwa mikate niliyokaanga na kuuza mbele ya nyumba.

Kisha jamaa yake mmoja, anayekwenda China kununua bidhaa, akarudi na bangili ya jiwe mkononi. Kijani chake kilikuwa kama jani la ndizi lililofunguka asubuhi hiyo. Akatuambia kwamba kule mama humwachia bintiye bangili kama ile, na kuna wanaoipenda kuliko dhahabu. Mume wangu aliomba kuishika. Aliishika muda mrefu hata jamaa akaona haya kuidai. Jamaa alipoondoka na bangili yake, mume wangu akaniambia, "Hii jiwe nimeiona. Wachimbaji wanaitupa."

Tangu hapo alikwenda kwenye marundo ya changarawe ambayo wachimba almasi wameshayamaliza, na maji yakipungua alikwenda kwenye miamba ya mto Tshopo, chini ya bwawa la umeme. Alirudi na mfuko wa mawe, suruali imelowa hadi magotini, na uso wa mtu aliyetoka kazini. Kwa ajili ya uso huo sikuwahi kumkataza.

Lakini katika jade alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Almasi aliijua kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake. Jade hakuijua kabisa. Alitazama video katika simu, za watu wanaosema lugha ambayo hakuisikia hata neno. Aliondoa sauti, akatazama mikono yao tu. Ilichofanya mikono, naye alikifanya. Alifunga jiwe kwa uzi, akaligonga na jingine, akatega sikio. Alilikwaruza kwa sindano ya kushonea magunia: likitoka mstari mweupe si lenyewe. Alilimulika kwa tochi kutafuta nyuzi ndani yake, kwa sababu walikuwa wakionyesha nyuzi. Na aliliweka shavuni.

Shavu lilikuwa langu. Lake lilikuwa na ndevu, alisema, haliwezi kusikia. Jade ya kweli ni baridi, na inakawia kupata joto. Alilikausha jiwe kwa kanga yangu, akaliacha kidogo juu ya meza lizoee nyumba, kisha akalisogeza usoni kwangu huku nikiwa nakanda unga, mikono yote miwili imejaa.

"Iko baridi?"

"Iko baridi."

Alingoja. "Bado?"

"Imepata moto."

Alilitia ndani ya beseni hata hivyo. Sikumbuki jiwe alilolitupa.

Siku aliyoanguka sikuwepo mtoni, kwa hiyo nitaandika nilichoona mimi. Aliletwa na toleka, baiskeli ya abiria, amekaa nyuma kwa upande kama wanavyokaa wanawake. Kijana wa baiskeli akaniambia, "Mama, papa haongei tangu kule mtoni. Nilifikiri ananikasirikia." Mume wangu alishuka ameinama, mkono mmoja mbavuni, mwingine umeshika bega la yule kijana. Alipoingia ndani, akatema jiwe kiganjani. Alikuwa amelibeba mdomoni, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi nyingine.

Lilikuwa dogo, kadiri ya chikichi moja, lenye ganda la kahawia kama kutu. Upande mmoja ganda lilikuwa limebanduka, na hapo kulikuwa na kijani.

Hakuomba maji. Hakuketi. Alilichovya jiwe ndani ya beseni kulisafisha na palepale akaliweka shavuni kwangu.

"Iko baridi?"

"Iko baridi."

"Bado?"

"Bado."

"Hii ndiyo," akasema. Ndipo akakubali kulala.

Alisema ni mbavu tu, zitapona. Alikataa tumpeleke popote. Tumbo likavimba, na hakumaliza wiki.

Nimelifikiria sana shavu langu la siku ile. Nililisikia jiwe baridi, hilo ni kweli. Lakini jiwe lolote linalotoka majini ni baridi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba lazima likaushwe na kungojwa kwanza, na siku ile hakungoja. Na uso wangu ulikuwa umewaka kwa hofu. Uso wa namna hiyo ungekiona hata kijiko baridi. Kwa hiyo alikufa akiamini neno langu, na neno langu halikuwa na uzito wowote.

Matangani wifi hakulia kama wengine. Alikaa karibu na mlango, na kila aliyeingia kutoa pole alimwonyesha beseni kwa kidevu. "Ni ile. Mawe imemuua." Watu wakatazama beseni. Mzee mmoja akauliza kama ni madini. "Ni mawe," wifi akasema. "Mutu anaenda kuvunjika sababu ya mawe ya kujengea choo."

Kama lile dogo lilikuwa jade, basi mume wangu alikwenda mtoni kutafuta kitu, akakipata, na mto ukamuua. Kama halikuwa, basi wifi alisema kweli: alikuwa mwanamume mzima aliyekusanya kokoto, nami nilimwangalia akikusanya. Sikutaka kuliuza. Nilitaka kujua tu. Kwa miezi iliyofuata sikutaka kitu kingine.

Kwetu sisi tuliotoka Maniema mjane hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hapokei wageni ovyo. Nilikaa chumbani na beseni. Mikate sikukaanga. Wifi alileta chakula mchana, pondu ya majani ya muhogo na ndizi za kupika, mara nyingine samaki, akakiweka chini bila kuuliza habari za beseni, kwa sababu sasa hakukuwa na mtu wa kumdai beseni.

Wiki za kwanza sikuyagusa mawe, niliyabadilishia maji tu yasizae mbu. Kisha siku moja, nikiwa nimemaliza sala ya asubuhi na mchana wote ukiwa mbele yangu, nikachukua sindano ya magunia.

Nilianza na makubwa. La kwanza likatoka mstari mweupe. La pili vilevile. Sindano ilizama kama katika sabuni ngumu. Baada ya kila mstari nililiweka jiwe juu ya gunia upande wa kushoto. Niliyakumbuka mengine: hili alileta siku ya mvua kubwa, hili alilibeba kichwani kama mwanamke na majirani wakacheka. Mstari mweupe. Mstari mweupe. Nilikuwa nikizikwaruza siku zake, moja moja, na hakuna iliyokataa sindano.

Wifi alinikuta nikifanya hivyo. Akaweka sahani chini.

"Unafanya nini na mawe ya watu?"

"Ninayapima."

"Unayajua?"

"Hapana."

"Basi muko sawa, wewe na yeye." Akaketi. Akaelekeza kidevu, akasema, "Ile ya pale pembeni, haujaigusa."

Kuanzia hapo alikuwa akija mapema. Alisema kila siku kwamba hataki kuyaona yale mawe, halafu akauliza, "Ile nyeusi ya jana ilisema nini?" Kati ya madogo, yaliyokataa sindano tuliyafunga kwa uzi. Yeye alishika uzi, kwa sababu mkono wake hautetemeki, mimi nikagonga. Mengi yalitoa sauti ya kuni. Machache yalitoa sauti iliyosimama hewani kidogo kabla ya kuondoka. Wifi alikuwa na masikio makali kuliko mimi. "Hii imekufa," alisema. "Hii imekufa. Hii... gonga tena."

Mwishoni nikatoa mizani ndogo ya marehemu, ile ya wakati wa almasi. Nilikuwa nimemwona akifanya hivi mara nyingi, nikamfuata kama yeye alivyofuata mikono ya simuni. Unapima jiwe kavu. Kisha unaweka glasi ya maji juu ya mizani, unaning'iniza jiwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini, unatazama mizani imeongezeka kiasi gani. Kadiri nyongeza inavyokuwa ndogo kwa jiwe lile, ndivyo jiwe lilivyo zito kwa asili yake. Jade ni karibu mara tatu ya maji. Hiyo ndiyo namba aliyoiandika kwa makaa ukutani, juu ya dirisha, na ingali pale.

Mawe yaliyobaki yalishindwa, moja baada ya jingine. Lile dogo nililiacha la mwisho kwa sababu nililiogopa. Nilipolining'iniza, wifi aliikodolea glasi macho kana kwamba ingeweza kukimbia. Nikasoma. Nikagawanya kwenye kipande cha boksi, nilivyofundishwa shule ya msingi, kisha nikagawanya tena.

"Inasema nini?" akauliza wifi.

"Karibu tatu."

Alikunja mikono kifuani, akatazama ukutani. Halafu akasema polepole, "Ndugu yangu," na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilia.

Sikujiamini. Mizani yangu ilikuwa ya zamani na hesabu yangu ni ya mtu aliyeacha shule mapema. Lakini eda ilipokwisha, nikaoga, nikavaa, na safari yangu ya kwanza nje ya nyumba ilikuwa kwa mwalimu wa chuo kikuu anayefundisha habari za mawe. Nilipanda toleka na jiwe nimelifunga katika ncha ya kanga. Jua liliniumiza macho njia nzima.

Yule mwalimu alikuwa mtu mpole, viatu vyake vina udongo kama vya wachimbaji. Alinipa kiti. Alilipima jiwe kwa mizani yake, akapata namba ileile. Akatumia sindano yake, akatazama kwa lenzi mahali ganda lilipobanduka. Nilitazama uso wake kama watu wanavyotazama uso wa daktari.

"Mama, uzito uko mzuri," akasema. "Ugumu uko mzuri. Naona kama nyuzi, lakini hapa palipobanduka ni padogo mno. Kuna mawe mengine yenye uzito huuhuu. Ganda ndilo linanisumbua. Lazima tulikate kipande chembamba, tutazame ndani."

"Inawezekana ni jade?"

"Inawezekana. Hakuna aliyesema kwamba ipo huku kwetu. Lakini pia sijui nani ameitafuta."

"Mume wangu ameitafuta," nikasema.

Akainamisha kichwa. Kisha akaeleza kwamba fundi wa msumeno amesafiri kwenda Basoko kwa boti, atarudi wiki inayofuata. "Liache hapa, mama. Nitalifungia kabatini."

Sikuweza kuliacha. Hakunikasirikia. Alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia nirudi nalo jinsi lilivyo.

Jinsi lilivyo. Alisema hivyo, nami nilisikia. Lakini nitaeleza desturi ya mji wetu, maana bila hiyo kilichofuata kitaonekana wazimu.

Kisangani jiwe halionyeshwi mtu mwenye elimu likiwa chafu. Almasi inatoka ardhini na ganda lake, na kutu, na mchanga ulioshikamana nayo. Anayeipeleka hivyo hudharauliwa, na jiwe lake hudharauliwa pamoja naye. Kwanza unaipeleka kwa mwoshaji. Yeye huitia katika asidi, huipasha moto, na baada ya saa kadhaa jiwe hutoka jeupe kama jino. Mume wangu miaka yote ya dukani hakupokea jiwe ambalo halijapita kwa mwoshaji. Na desturi ya pili ni hii: mtu haulizi jiwe la mtu. Hakuna kuuliza limetoka wapi, wala ni nini, wala unalipeleka kwa nani. Na mwenye jiwe halitaji jina lake kabla halijaoshwa, ni mkosi. Nimeishi ndani ya desturi hizo tangu niolewe. Sikuziona tena kama desturi.

Wifi aliposikia habari za ganda, akasema, "Donc, kumbe ni ganda tu linazuia?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na utarudi kwa profesa na jiwe iko na uchafu wa mto? Marehemu angepata haya."

Ni kweli, angepata haya. Ndivyo nilivyofikiri. Niliona pia kwamba kama ganda likitoka, yule mwalimu hatahitaji kulikata, na jiwe la mume wangu litabaki zima.

Mwoshaji alikuwa mzee aliyefanya kazi na mume wangu dukani. Anafanyia kazi uani kwake, chini ya bati, na mikono yake ina makovu ya mviringo ambayo asidi iliacha. Aliponiona alisimama, akanipa pole upya, akafuta kiti kwa shati alilovaa. Nikafungua ncha ya kanga.

"Iko ya marehemu?" akauliza.

"Ya mwisho."

Alilipokea kwa mikono miwili. Alilitazama kwa mbali kidogo, kama wanavyotazama wazee, akageuza upande wenye kijani. Almasi zenye ngozi ya kijani zipo, nimeziona mwenyewe. Hakuuliza. Mimi sikusema.

"Mama, kwa hii sitakuomba kitu," akasema. "Bwana yako alinifundisha kazi."

Akalitia katika bakuli la plastiki, kwa sababu asidi ile inakula hata glasi. Akamimina, akafunika, akaweka bakuli juu ya mchanga uliopashwa moto kidogo, akanituma nikae mbali na moshi. Nilikaa upande wa pili wa ua na mke wake, tukachambua mboga. Aliniuliza nimepungua kwa nini. Tulisali adhuhuri. Nilikuwa na amani, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Tangu mwezi wa pili sikuwa nimekaa hivyo mahali pa watu.

Mzee alifunua bakuli, akatazama, akafunika tena. Kisha akafunua. Akamwaga asidi kando, akalisuuza jiwe mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Aliponiita, sauti yake ilikuwa ndogo.

Lilikuwa jeupe, lakini si weupe wa jino. Ulikuwa weupe wa chaki. Lilikuwa limepungua, na pembe zake zilibaki kama unga juu ya kitambaa.

"Mama," akasema, "hii haikuwa almasi."

"Hapana."

"Haukuniambia."

"Haukuniuliza."

"Mimi siwezi kuuliza. Jiwe ya mutu..." Alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Asidi hii inakula kila kitu isipokuwa almasi. Ndiyo kazi yake. Ndiyo maana tunaipenda."

Nilimwambia si kosa lake. Akasema si langu pia. Tukabaki tumekaa, watu wawili waliosema kweli, na jiwe kati yetu. Mke wake akatuletea chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Nilirudi kwa mwalimu wa chuo fundi aliporudi kutoka Basoko. Nililipeleka ndani ya kopo la dawa lenye pamba. Nilimweleza yote kwa mpangilio, naye alisikiliza bila kunikatiza, mkono mdomoni. Alijaribu kulipima katika maji, lakini lilikunywa maji kama sponji na mizani haikutulia. Fundi alisema tujaribu kukata, huenda katikati kumebaki kitu kigumu. Alilishikiza kwa nta, kwa uangalifu mkubwa, nilimwona. Msumeno ulipoligusa tu likafunguka vipande. Katikati kulikuwa na chembe ya kijani kadiri ya punje ya mchele. Mwalimu akaifuata kwa kibano. Ikavunjika kwenye kibano.

Alitazama mabaki kwa lenzi muda mrefu. Nikauliza, "Unaona nini?"

"Naona kilicholiwa."

"Lakini unafikiri lilikuwa nini? Kabla."

Akaiweka lenzi mezani. "Mama, nikikuambia ndiyo, nitakuwa nimekupa rambirambi. Wewe umekuja kuuliza swali. Kwa swali lako sina jibu, na sasa hakuna mtu atakayekuwa nalo."

Nilimshukuru. Nadhani ningemchukia kama angesema ndiyo. Sijui, huenda ningeishi vizuri zaidi. Nilirudi Kabondo kwa miguu.

Nilikwenda mtoni pia, mara moja, mwezi wa saba, kutazama ile miamba chini ya bwawa. Nilifikiri labda lilikobanduka lile dogo pamebaki jingine. Maji yalikuwa juu. Wanawake walikuwa wakifua mahali ambapo pengine mume wangu alianguka, au si pale, hakunionyesha. Nilisimama na viatu mkononi. Mawe yote ndani ya maji yalikuwa ya kijani kwa sababu ya mwani. Sikuchukua hata moja.

Wifi alikuja asubuhi yake. Nilikuwa sijamwambia habari za msumeno. Nilikuwa nimezikalia peke yangu kwa siku kadhaa. Aliingia, akaketi kwanza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Profesa alisema nini?"

"Hajui."

"Atajua siku gani?"

"Hatajua. Halipo tena."

Nilimwonyesha kopo la dawa. Alilifungua, akatazama ule unga juu ya pamba, akalifunga. Nilingoja aseme lile neno alilokuwa akiwaambia watu matangani. Hakulisema. Alivuta ushungi wake, akaurudisha, akavuta tena.

"Ni mimi nilisema uchafu wa mto," akasema.

"Mimi ndiye niliyelipeleka."

"Donc hatutajua."

"Hatutajua."

Nje muuza makaa alikuwa akipita akiita. Wifi alitazama beseni chini ya dirisha. Baada ya vipimo nilikuwa nimeyarudisha mawe yote ndani, yenye mistari myeupe na yasiyo nayo, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilizoea kuyabadilishia maji.

"Kuna arusi ya jirani Jumamosi," akasema polepole. "Wanatafuta vyombo."

"Chukua."

"Kama ungali unaitaka..."

"Chukua, wifi."

Aliinuka. Tulilishika beseni kila mtu upande wake, tukalitoa hadi mlangoni, likiwa zito kama mtu, tukainamisha maji yakamwagika uani. Mawe tuliyamimina juu ya gunia, kando ya ukuta. Wifi alisuuza beseni lake, akalipindua likachuruzika, akaliweka kichwani na kwenda zake. Nilikaa kizingitini nikiyatazama. Jua lilikuwa limeshafika upande ule wa ukuta, na lilipopanda, mawe yakaanza kukauka, ya juu kwanza.